Walichokataa Susi na Chuma Kwihara

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Waarabu. Watu wa Tabora huiita nyumba ya Livingstone, na ukiuliza njia hivyo ndivyo utakavyoelekezwa, lakini tembe lile la Kwihara lilikuwa la wafanyabiashara waliotoka pwani na Oman kufuata pembe za ndovu na watumwa. Stanley, mwandishi wa habari, aliazimwa akae humo mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone, mmisionari na msafiri. Februari 1872 wakarudi wote wawili kutoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Ukaaji wake wote hautimizi miezi saba. Kwa miezi hiyo nyumba ikapata jina, ikapata kibao, ikapata mlinzi wa kushika funguo.

Ninachotaka kusimulia kilitokea ndani ya nyumba hiyo Livingstone akiwa ameshakufa. Nilikisikia mara ya kwanza mwaka 1969 nikiwa kijana, na baba yangu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, alikielewa kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumsikia.

Mimi ni Muha wa Kitahana, Kibondo. Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili Tabora Boys, shule iliyofunguliwa na Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, na ambayo Mwalimu Nyerere aliisoma. Sisi hatukuwa watoto wa machifu. Nilitoka nyumbani na sanduku la bati kichwani hadi Kibondo, nikadandia lori la maharage kupitia Kasulu hadi Kigoma, nikapanda treni. Stesheni ya Kigoma ni jengo la Wajerumani, na reli ya kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200, ilifika pale mwanzoni mwa 1914. Baba aliijua stesheni ile kabla yangu. Ndipo alipopakiwa kwenda kukata mkonge Tanga, wakati Uha nzima ilipokuwa kama kisima cha kuchotea manamba: watu wa Kasulu na Kibondo walipimwa afya, wakapewa namba na blanketi, wakasafirishwa. Aliniambia nikae upande gani wa behewa ili jua la asubuhi lisinichome, na kwamba nisilale kabla ya kupita Uvinza kwa sababu ya wezi. Hakuna kibao chochote pale stesheni kilichokuwa kikieleza habari zake na za wenzake. Jengo limedumu kwa sababu linatumika.

Jumamosi moja wanafunzi kadhaa tuliruhusiwa kwenda Kwihara kwa miguu. Njia ya mchanga ilipita chini ya miembe mikubwa, ile iliyoota kando ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na kwa kuwa ilikuwa msimu wa maembe tulikwenda tukiokota na kula. Wiki hiyo hiyo darasani tulikuwa tumesimuliwa safari ya Stanley, na tulipofika sehemu ya Uha darasa zima lilinigeukia.

Habari yenyewe ni hii. Novemba 1871, siku chache kabla ya kufika Ujiji, msafara wa Stanley ulipita kusini mwa Uha, mbali na kwetu Muhambwe, lakini ni Uha. Mtwale mmoja, chifu aliye chini ya mwami (mfalme), aitwaye Mionvu, akamdai hongo ya doti 100 za nguo, wakapatana 75. Doti ya siku hizo ilikuwa kitambaa cha mikono minane. Kesho yake akadaiwa tena, na akaambiwa kwamba mbele kuna wengine watano wanaomngoja. Ndipo alipoamua kutoroka. Msafara ukatoka usiku wa manane, ukaacha njia, ukaingia msituni. Katika safari hiyo ya kunyemelea mwanamke mmoja, mke wa mpagazi, alishikwa na hofu akaanza kupiga mayowe. Akachapwa, akafungwa kitambaa mdomoni, wakaendelea naye.

Wenzangu walichokiona humo ni kwamba Waha ni wanyang'anyi. "Leo utatulipisha hongo ya kupita hapa?" waliniuliza njia nzima. Sikuwa na jibu. Babu yangu ndiye aliyenipa jibu, Desemba, nilipomweleza. Alikuwa mzee sana, amezaliwa zama ambazo Wajerumani hawajafika Muhambwe, na hakuwahi kumsikia Stanley. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mtu alikuwa na bunduki. Nikasema alikuwa nazo nyingi. Akauliza kama alimwomba mwami ruhusa ya kupita. Nikasema sidhani. "Basi wamemtoza kidogo," alisema. Sijaona hadi leo kosa katika hesabu hiyo. Nchi ilikuwa na wenyewe, wenye mwami na watwale wake, na mtu mwenye bunduki akivuka mpaka na mizigo ya biashara hulipa ushuru. Kigoma ya leo ina maofisa forodha wanaofanya kazi ile ile na hakuna anayewaita wanyang'anyi.

Narudi Kwihara. Kwetu nyumba ilikuwa msonge wa miti na nyasi, ya mviringo, ambayo mwanamume anaisuka kwa siku chache na kuiezeka upya ikichakaa. Tembe lilinishangaza. Kuta za udongo nene hata sauti ya mtu wa chumba cha pili huisikii, paa bapa la udongo juu ya magogo, vyumba vimeuzunguka ua, na mlango wa mbao wenye nakshi kama ile niliyokuja kuiona baadaye Bagamoyo na Unguja. Ni nyumba ya mtu anayetarajia kukaa na anayetarajia kushambuliwa. Na kweli, Agosti 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, aliposhinda majeshi ya Waarabu na kuichoma Tabora, Stanley alitoboa matundu ya kupigia bunduki katika kuta hizo, akapandisha bendera ya Marekani na kungoja. Mirambo hakufika.

Mlinzi alikuwa mzee wa Kinyamwezi mwenye kanzu na koti. Tulimwamkia "Shikamoo, mzee," akatuitikia, kisha akatuamkia na yeye kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akacheka tulipobabaika kujibu. Akatuacha tusome kibao kwanza. Kilitaja Livingstone na Stanley. Ndani palikuwa na ramani, picha, nakala za barua. Wenzangu walizunguka haraka wakatoka kwenda kwenye maembe. Nilibaki kwa sababu mzee aliniuliza natoka wapi, nikasema Kibondo, akasema, "Ninyi ndio watu wa kubeba. Njoo nikuonyeshe." Alimaanisha manamba, nadhani, na wapagazi, maana Wanyamwezi nao walikuwa wabebaji wakubwa kuliko sote, alisema kwa heshima.

Akanisimamisha uani, akanisimulia. Nitaisimulia kwa namna niliyokuja kuithibitisha vitabuni, kwa sababu mzee alikuwa na jambo lenyewe sawasawa ila tarehe hakuwa nazo.

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Aliokuwa nao, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikutana wakaamua kumrudisha kwao. Hakuna aliyewaagiza. Walitoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti wa mpundu, wakautia mwili chumvi na kuuanika juani wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai, wakaufungia kwenye mti wa kubebea mabegani. Kisha wakaanza kutembea.

Oktoba walifika Unyanyembe, nchi ya Tabora na Kwihara. Ndani ya tembe hili la Kwihara walimkuta Luteni Cameron na wenzake, Waingereza waliotumwa kuja kumsaidia Livingstone, wakiwa wamepewa nyumba ile ile aliyokaa yeye mwaka mmoja kabla. Cameron alichukua vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake. Na akawaambia kwamba ingefaa wamzike hapo hapo. Alikuwa na sababu zake: nchi iliyobaki mbele ilikuwa ya hatari, vita havijaisha, watu wa njiani hawapendi maiti ipite katika ardhi yao.

Walikataa.

Mzee yule alilitamka neno hilo kwa Kinyamwezi kwanza, halafu kwa Kiswahili, akipiga kiganja cha mkono ukutani. Fikiria hali yao. Bwana wao amekufa, hakuna wa kuwalipa. Mzungu mwenye cheo, mwenye silaha, mwakilishi wa nchi ya marehemu, anawaambia wameshafanya ya kutosha, wautue mzigo. Ni watu ambao wengine wao walikuwa watumwa. Chuma mwenyewe alikombolewa na Livingstone na wenzake mwaka 1861 akiwa mtoto. Wangetua mzigo ule hapo Kwihara hakuna mtu duniani ambaye angewalaumu. Wakasema mwili unakwenda kwao, wakaubeba.

Huko mbele, Kasekera, watu walipokataza maiti kupita, walifanya ujanja. Walifunga furushi la mabua likafanana na maiti, watu wakalibeba kwa sura ya huzuni kurudi nyuma kana kwamba wanakwenda kulizika Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya ukawa kama robota la nguo. Ukapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, miezi tisa tangu Chitambo, na tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Niliporudi nyumbani likizo ya Desemba nilimsimulia baba. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila alipotaja Tanga alitaja mvua na joto tu, hakutaja kingine. Nilipomaliza alinyamaza, halafu akauliza, "Walilipwa?"

Sikujua. Mwalimu hakusema, mlinzi hakusema, nami sikuwa nimefikiria kuuliza. Baba ndiye aliyefikiria, kwa sababu alifanya kazi kwa kipande, kadi inayochorwa kila siku unapomaliza kazi yako, na siku usiyomaliza haihesabiwi. Aliniambia kuwa katika kambi yao alikufa mtu wa kwetu, wa kijiji cha jirani, waliyepanda naye treni pamoja. Walimzika kando ya shamba la mkonge jioni, asubuhi wakaingia kazini. "Tulikuwa watu wengi wenye nguvu," alisema. "Hatukumbeba." Akasema walipowaza kumrudisha waliambiwa haiwezekani, reli ni ya hela, na wao wakakubali haraka. Ndiyo maana, alisema, anataka kujua kama wale wengine walilipwa. Kama walilipwa, ni kazi. Kama hawakulipwa, basi kuna kitu walichokuwa nacho ambacho sisi hatukuwa nacho.

Nimekaa na swali hilo maisha yangu yote ya ualimu. Jibu nililipata kidogo kidogo. Walilipwa mishahara yao Zanzibar wakaachishwa kazi. Pwani mwili uliingia melini, wao wakabaki. Aliyefika kwenye mazishi London ni Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik, India, ambaye alikuja Kwihara Agosti 1872 na watu 57 Stanley aliowatuma kutoka Zanzibar. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, na walisaidia kuandaa kitabu cha safari za mwisho za Livingstone. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya watu wa msafara. Wengi walikuwa wameshatawanyika. Kwa hiyo walilipwa, baba. Lakini mshahara waliopewa ulikuwa ni wa kazi waliyoajiriwa, na hakuna aliyewaajiri kubeba maiti. Nilimjibu hivyo mwaka niliopata kujua, naye alikuwa bado hai. Alisema, "Ndivyo nilivyodhani," na hatukulizungumza tena.

Kuna jambo lingine nililolipata katika kusoma ambalo mzee wa Kwihara angelipenda. Kule Chitambo, kabla ya kuondoka, Jacob Wainwright alichonga maandishi kwenye mpundu ule. Aliandika jina la Livingstone, mwezi na mwaka, na chini yake akaandika majina ya baadhi ya viongozi wa msafara. Hicho ndicho kibao cha kwanza kabisa cha habari hii, kimechongwa na Mwafrika, siku chache tu baada ya kifo, na juu yake mzungu na wapagazi wameandikwa pamoja. Kipande hicho cha mti sasa kiko London. Vibao vilivyofuata viliwaondoa wapagazi. Kule Ujiji, kwenye jiwe lenye ramani ya Afrika iliyokatwa msalaba, kuna majina mawili na tarehe 10 Novemba 1871. Hata tarehe hiyo ni ya Stanley. Daftari la Livingstone linaweka mkutano wao mwishoni mwa Oktoba. Susi, aliyekimbia kumpokea Stanley kabla ya mtu mwingine yeyote, hayumo. Na Halima, mpishi, ambaye Livingstone alimsifu kwa mkono wake mwenyewe katika daftari lake, aliyewapikia wote wawili Ujiji, hayumo.

Kwihara nimerudi mara kadhaa tangu wakati huo. Mlinzi wangu alikwisha kufariki, waliomfuata ni vijana wenye adabu na wanaojua habari za Stanley vizuri. Kuta zimekarabatiwa. Ninafurahi zimekarabatiwa, naomba msinielewe vibaya. Kwetu Kitahana nyumba za babu zetu hazipo hata moja. Nyasi haidumu, na miaka ya 1970 tulipohamia vijiji vya ujamaa tulizivunja wenyewe, tukachomoa nguzo zilizokuwa bado nzima tukazibeba kichwani hadi makazi mapya. Mahali palipokuwa na mji wa babu pana mwitu sasa. Mtu ambaye nyumba yake haikubaki anajua thamani ya nyumba iliyobaki, hata ikiwa ya mgeni. Tembe lile linastahili kila shilingi inayotumika juu yake. Udongo unahitaji mkono wa mtu kila mwaka, mvua za masika hazina huruma na paa bapa.

Ninachokitaka ni kibao. Kile kilichopo kikae, kinasema kweli: Livingstone na Stanley walikaa humo. Lakini wageni wengi walikaa katika matembe ya Unyanyembe. Jambo ambalo lilitokea humo na halikutokea mahali pengine ni lile la Oktoba 1873, na hilo halimo. Wajukuu zangu wawili ni walimu, mmoja Kasulu, mwingine Tabora, na nimewapa maneno niliyoyaandika ili wakipata nafasi wayapeleke panapohusika. Nimeyafupisha yaweze kuenea kwenye jiwe la kawaida. Yanasema hivi:

Katika tembe hili, Oktoba 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walishauriwa wamzike hapa David Livingstone, waliyembeba kutoka kwa Chitambo. Walikataa. Walimbeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Pamoja nao alikuwa Jacob Wainwright, aliyeandika majina. Halima alipika katika nyumba hii mwaka 1872.